Msimu wa Maji Maangavu

Jumatano, 8 Juni 1994

Masika imekwisha, tope limeshuka mtoni. Leo asubuhi nimesimama ukingoni pa Kwa Mkunga nikaona mawe ya chini kabisa. Kwa Mkunga ndilo shimo letu kubwa la maji, liko chini ya maporomoko, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Maji yanatoka moja kwa moja msituni, juu ya Uluguru. Hata saa saba mchana, jua likiwa kali, ukitia mguu unaurudisha.

Naandika kwenye daftari la kiwandani. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mkaguzi wa turubai mjini Morogoro, na kila mwisho wa zamu nilijaza taarifa: mashine namba fulani, kasoro fulani, hatua iliyochukuliwa. Mwezi wa kwanza kiwanda kilifungwa. Mwezi wa tatu mwanangu Zena alifariki kwa homa, miaka sita. Mwezi wa tano mume wangu Rashidi alikwenda Turiani kutafuta kazi kwenye miwa, hakurudi wala hakuandika. Nikapanda huku juu ya Mkuyuni, kwenye shamba la mama yangu marehemu.

Hatua iliyochukuliwa: hakuna.

Ijumaa, 10 Juni

Nimepanda maharage. Mawingu mlimani, hayakushuka.

Jumanne, 14 Juni

Ahmadi, mdogo wangu, amenichongea bunduki ya mpira. Ni ubao wa mninga urefu wa mkono, vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, na fimbo ya chuma aliyoinoa kwenye jiwe mpaka ikawa na ncha ya kuingia mfupa. Mdogo wangu ana miaka ishirini na saba. Hivi ndivyo anavyoishi: anazama, anapiga samaki, anauza. Tulijifunza pamoja utotoni kwa miwani ya vioo na mpira aliyotutengenezea baba, mimi nikiwa wa kwanza kuzama kwa sababu mimi mkubwa.

"Dada, mwili hausahau," aliniambia. "Ingia tu."

Nikaingia na kanga yangu nimeifunga kiunoni. Baridi ilinibana kifua kama mtu aliyenikumbatia kwa nguvu, asiyetaka kuniachia. Baada ya kuzama mara tatu vidole vilikuwa havifungiki wala havifunguki. Sikupiga kitu. Tulikaa juu ya jiwe la jua tukitetemeka, Ahmadi anacheka meno yakigongana.

"Umeona? Umeona?"

Nilikuwa nimeona ningu wawili na kambale mmoja pembeni ya mwamba. Lakini nadhani alichotaka nione si hicho.

Alasiri nikampa kipande cha turubai, kile nilichopewa kiwandani siku ya mwisho, ashone mfuko wa samaki. Turubai letu lilikuwa na uzi mmoja wa bluu pembeni.

Jumapili, 26 Juni

Nimepiga kambale wangu wa kwanza. Kilo moja hivi. Ahmadi amepiga saba.

Jumanne, 28 Juni

Mwanamke anayenunua samaki wetu anaitwa Angelina. Anakuja na pikapu kila Jumanne na Jumamosi, sanduku la barafu nyuma, anaishia pale barabara inapokwisha. Ana grosari huko Bigwa. Zamani alikuwa karani wa benki, naye akapunguzwa. Anavaa suruali. Kila samaki anamgeuza, anafunua shavu, ananusa, kisha anasema neno moja: "Sawa," au, "Huyu hapana." Hasalimii vizuri wazee. Mjomba Abdallah alisimama pale akingoja shikamoo yake, mama yule akawa ananusa kambale.

Simpendi. Naandika hivyo kwa kuwa ni jambo la kwanza nililolihisi wiki nzima.

Jumatatu, 4 Julai

Baridi kali. Ukungu mpaka saa nne. Tumezama wawili, Ahmadi na mimi. Mwanaidi, mkewe, ametuletea uji mtoni akiwa na mimba ya miezi mitatu. Ahmadi alimgombeza kwa kupita kwenye mawe. Kisha akampangusa miguu kwa shati lake.

Jumamosi, 9 Julai

Nimeteremka mjini na pikapu la Angelina, nimepeleka ndizi. Njia nzima tulisema maneno labda kumi.

Sokoni mitumba imejaa mpaka barabarani. Tulipokuwa na kiwanda chetu nguo hizo zilikuwa za kuficha ukizivaa, sasa watu wanachagua mchana kweupe, na mwalimu anagombea koti na mwanafunzi wake. Kwenye rundo la mwisho kijana alikuwa ametundika suti nyeusi ya mpira mnene, ya mwili mzima, mikono na miguu. Watu walikuwa wakiishika wakicheka.

"Hii ni ya fundi wa majokofu, mama," alinipigia debe. "Wanavaa wakiingia kwenye chumba cha barafu."

Niliigeuza ndani nje kama nilivyozoea kukagua. Mishono ilikuwa imebandikwa gundi na kushonwa juu yake, kazi safi. Lebo inasema imetengenezwa Uingereza. Kwapani palikuwa na chembe za mchanga na kagamba kadogo ka kome. Nikajua si nguo ya jokofu. Kuna mtu huko kwao, kwenye bahari yao ya baridi, alikuwa akiingia majini na suti hii.

Niliinunua. Angelina aliiangalia mapajani mwangu njia nzima ya kurudi. Tulipofika Mkuyuni akauliza, "Dada Hidaya, utavaa kwenda wapi?"

"Mtoni."

Hakucheka. "Basi utakaa majini muda mrefu," akasema. "Jiangalie. Usiende peke yako."

Jumanne, 12 Julai

Suti imenibana mabegani na inalegea magotini, mwenyewe alikuwa mwanamume mrefu. Maji yanaingia kidogo shingoni, yanapata joto la mwili, yanakaa. Nimezama mara ishirini na mbili. Ningu watano, kambale wawili.

Watoto walinikimbia nilipotoka.

Jumamosi, 30 Julai

Sasa najua kazi. Usivute pumzi nyingi. Vuta ya kutosha, teremka polepole ukishika mawe, usipige teke. Samaki haogopi kitu kinachotulia. Unalala chini kama jiwe mpaka wenyewe wanarudi kukuangalia. Unampiga nyuma ya kichwa kutoka umbali wa mkono.

Kule chini hakuna sauti ila maji yanayoanguka, nayo kwa mbali. Hakuna anayeniambia pole. Hakuna anayetazama uso wangu kuona kama nimelia. Sijalia tangu mwezi wa tatu, na watu wanalijua hilo, wanalizungumza. Mjomba Abdallah, kaka yake mama, ndiye mkuu wa ukoo wetu na ardhi yote hii iko chini ya mkono wake. Yeye alinijia wiki iliyopita: "Hidaya, mtoto analiliwa. Usipolia watu wanasema mengine."

"Shikamoo mjomba," nilimwambia.

Leo nimepata kumi na mmoja. Ahmadi amepata watatu. Alitoka majini mapema, midomo ya bluu, akakaa kwenye jiwe akinitazama.

"Nipe na mimi hiyo suti siku moja moja," alisema.

Nikampa papo hapo. Haikumpita mapajani. Yeye ni mnene kuliko yule Mzungu. Tulicheka, au yeye alicheka.

Jumanne, 16 Agosti

Bomba la kijiji halitoi maji. Mpira umekatika huko juu. Zamani serikali ingeleta fundi, sasa tunaambiwa tuchange. Mjomba ameitisha kikao. Hawakuelewana.

Jumamosi, 20 Agosti

Angelina amesema samaki wanapungua. Kweli wanapungua. Mjini kuna sangara wa Mwanza wa barafu, anaweza kununua bila kupanda milima. Alimwambia Ahmadi mbele ya watu: "Kaka, kwa samaki sita gari haipandi. Dada yako ndiye anayenirudisha huku."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akihesabu samaki. Ahmadi aliinua mfuko wake mtupu, akaukung'uta maji, akautia begani.

Jumatano, 24 Agosti

Sikuzama.

Alhamisi, 25 Agosti

Nimezama.

Jumamosi, 3 Septemba

Jua kali, mto umepungua. Mashimo madogo hayana kitu tena. Kwa Mkunga bado pana kina. Leo nimemwona mkunga mwenyewe, yule samaki mkubwa kama nyoka, mnene kama paja, kichwa nje ya pango lake. Nilikaa naye pumzi nzima. Sikumpiga.

Nilipomwambia Ahmadi alisema, "Yule peke yake angejaza sanduku."

"Siku nyingine."

"Wewe unaweza kusema siku nyingine, dada. Una mwili mmoja wa kulisha."

Kisha akasikia alichosema. Akashika mkono wangu. Nilimwambia si kitu. Na ilikuwa si kitu. Nilingoja nione kama kitauma, hakikuuma.

Jumanne, 13 Septemba

Ahmadi samaki wawili. Mimi wanane. Nimemwekea watatu wangu kwenye mfuko wake kabla Angelina hajafika. Ameviona vidonda vyao; mshale wangu ni mwembamba kuliko wake. Amewatoa akanirudishia.

Jumamosi, 24 Septemba

Ahmadi hazami na mimi tena. Anasema mgongo. Alikwenda Mvuha siku mbili, kuangalia kibarua cha pamba, amerudi bila kazi.

Mwanaidi tumbo limekuwa kubwa. Anachota maji ya jirani wa bonde la pili, mwendo mrefu, maana Ahmadi hataki apite kwenye mawe ya mtoni. Nimemwambia nitamchotea. "Aa, wifi, acha nitembee," akasema, "mkunga wa zahanati ameniambia nitembee."

Jumanne, 4 Oktoba

Naandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi sikuwa nimezama, nilikuwa nikipalilia. Saa tatu nikasikia pikapu, nikateremka barabarani. Ahmadi alikuwa ameshafika na kapu, si mfuko, kapu zima, limefunikwa majani ya mgomba. Uso wake ulikuwa kama wa mtu ambaye hajalala. Angelina alifunua majani. Ningu, kambale, perege wadogo wa kidole, na juu yao mkunga mkubwa amejikunja.

"Leo umeokota," Angelina alisema. Akamtoa mmoja, akamgeuza, akafunua shavu. Akamtoa wa pili. Wa tatu. Kisha akasimama wima.

"Mbona hawa hawana tundu?"

"Nimetega wavu," Ahmadi akajibu.

"Wavu unaacha alama mapezini." Akanusa. Alinusa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia kapu, na tayari kichwani nilikuwa najaza fomu: kasoro, hakuna tundu.

Hapo ndipo tuliposikia ukelele kutoka mtoni. Mabinti wawili walikuja mbio: Mwanaidi ameanguka pale pa kuchotea, chini ya Kwa Mkunga, povu mdomoni. Alikuwa amechoka njia ya bonde la pili; leo akaamua kuchota mtoni kama zamani. Alikunywa hapo hapo kwa kiganja, jua lilikuwa kali.

Ahmadi alikimbia jinsi ambavyo sijawahi kumwona mtu akikimbia. Alimpandisha mgongoni mwenyewe kilima chote. Mwanaidi alikuwa anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama vichwa vya pini, mwili unarukaruka. Angelina hakungoja aambiwe. Alilivuta sanduku la barafu akalitupa chini, samaki wote wa kapu wakamwagika barabarani, akapiga kelele, "Mlazeni ubavu! Ubavu! Nani anakuja?" Ahmadi akapanda nyuma akamshika kichwa. Gari likaondoka.

Nikabaki na samaki barabarani. Mbwa wa jirani akaja akala wawili. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Tumefukia wote. Mbuzi watatu wamekufa ukingoni.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimekwenda Kwa Mkunga peke yangu. Maji ni maangavu sana, hayajawahi kuwa maangavu hivi. Hata wadudu wa maji hakuna. Kijiji kizima kinaambiwa kisiukaribie mto. Sikuogopa. Si jambo la kujivunia, sikuogopa kwa sababu sikuona tofauti ya kufa na kuishi.

Nilivaa suti, nikafunga mdomo vizuri, nikazama mara moja. Samaki wadogo wametapakaa chini, matumbo meupe, kama karatasi zilizochanwa. Katikati, pale pangoni pa mkunga, kulikuwa na mfuko umetiwa mawe. Ndani yake chupa mbili za dawa ya kuua wadudu wa pamba, vizibo vimefunguliwa.

Nilizishika. Nilipoinua mfuko mwanga uliuangukia pembeni nikaona uzi wa bluu.

Nimekagua turubai miaka kumi na mmoja. Ningeujua uzi ule gizani.

Nilikaa chini mpaka pumzi ikaisha, na baada ya kuisha nikakaa bado kidogo. Sijui kwa nini nilipanda. Mguu ulipiga teke wenyewe.

Nimeuzika mfuko nyuma ya jiwe la jua. Ngozi ya mikono inawasha.

Alhamisi, 6 Oktoba

Hakuna habari kutoka hospitali. Watu wamekaa vikundi vikundi. Chupa nyingine tupu ya dawa ya pamba imeokotwa vichakani karibu na barabara, aina ile inayouzwa siku hizi kila duka mjini, hata kwenye duka la biskuti. Zamani dawa ile ilikuwa ya chama cha ushirika, mtu anapimiwa na anaandikishwa. Sasa watu wanasema: nani anatoka mjini kila Jumanne? Nani alikuwa anataka samaki wengi? Nani alimchukua Mwanaidi haraka haraka kabla hatujamwangalia?

Jioni nilimwendea mjomba Abdallah. Nilimwambia yote. Alikuwa anasuka jamvi, hakuacha kusuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Na wewe ni mtoto wa dada yangu. Sina wengine. Ulichokiona huko chini, kiache huko huko chini."

"Na yule mama wa watu?"

"Ana gari. Ataondoka."

Nilidhani mjomba ni mtu wa kuangalia heshima tu, wa kungoja shikamoo. Leo alikuwa anasuka mstari ule ule, anaufumua, anaanza tena. Nikaona ni mzee, na anaogopa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Sikula, si kwa kukataa. Nilisahau.

Nimefikiria mambo mawili. La kwanza: Ahmadi alijua bomba limekatika, lakini alijua pia mkewe anachota bonde la pili. Hakutaka kumuua mtu. La pili: ni mimi niliyempa turubai, na ni mimi niliyekuwa natoka majini na kumi na mmoja yeye ana watatu, kila siku, mbele ya watu. Sikuona. Nilikuwa chini kule nikifurahia kutosikia kitu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Angelina amekuja. Sikutegemea. Amemleta Ahmadi kubadili nguo na kuchukua kanga za Mwanaidi. Mwanaidi yu hai, amezinduka jana, na mtoto tumboni bado anacheza. Hilo alitaka kututangazia. Hakuwahi.

Vijana waliweka gogo barabarani. Kabla hajafungua mlango tairi mbili zilishatolewa upepo. Watu kama sitini hivi, akina mama wengi. Mmoja ana dumu la mafuta ya taa. Angelina alitoka akasimama mbele ya gari lake, mikono imeshuka. Ahmadi alibaki kwenye kiti, anaangalia magoti yake.

"Wewe ndiye uliyeleta sumu!"

"Sikuleta."

"Samaki wale walikuwa kwenye gari lako!"

"Nilikuwa nawanunua."

"Kwa nani? Taja!"

Nikamwona Angelina anageuza kichwa kuelekea dirisha la gari. Kwa neno moja tu angejiokoa. Aligeuza kichwa tena, akawatazama watu.

"Mwenyewe anajijua," akasema. "Mkewe yuko kitandani, mimi nimetoka kumlisha uji asubuhi hii. Sitataja mtu mimi."

Dumu likafunguliwa. Nikasikia harufu.

Mjomba alikuwa kando yangu. Aliniambia chini chini, "Hidaya." Jina tu.

Nikatoka mbele. Nilisema, na sauti ilikuwa ile ile ninayosomea taarifa ya zamu. Nikasema nimezama Kwa Mkunga Jumatano. Nikasema nimekuta chupa mbili kwenye mfuko. Nikasema mfuko ni wa turubai la kiwanda chetu, lina uzi wa bluu pembeni, kipande hicho nilikikata kwa mkono wangu na nilimpa mtu mmoja tu, na mfuko umezikwa nyuma ya jiwe la jua, aendaye akauone. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja, wote waliwahi kuuona begani mwake.

Watu wakageuka kuangalia gari.

Ahmadi akafungua mlango. Alishuka, akasimama. "Ni mimi," alisema. "Mama huyu hajui kitu. Nilitaka samaki wengi kwa siku moja tu. Siku moja tu, halafu niache." Akanitazama. "Nilitaka nikushinde, dada."

Mtu akatupa jiwe, likampata sikioni. Wakaanza kusogea. Na hapo mjomba Abdallah, ambaye nilidhani atanilaani, akapita katikati ya watu na kanzu yake, akamshika Ahmadi mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara.

"Huyu nampeleka mwenyewe kituo cha polisi Mkuyuni," akasema. "Kwa miguu. Anayetaka kumpiga anianze mimi."

Waliteremka wawili. Sikioni mwa Ahmadi damu ilikuwa inatoka mpaka kwenye ukosi. Hawakugeuka. Nilisaidia kupampu tairi za Angelina kwa pampu ya baiskeli, saa mbili nzima. Tulipomaliza alisema, "Pole." Sikujua ni pole ya nini kati ya zote. Nikasema asante.

Jumatano, 19 Oktoba

Ahmadi amekiri mahakamani. Miezi sita. Mjomba alikuwepo. Mimi sikwenda.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mwanaidi amerudi tangu Alhamisi. Nilimpelekea maji ya bonde la pili. Aliyapokea, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilirudi jana, na leo tena. Anapokea, anafunga.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kikao cha bomba. Safari hii wameelewana. Angelina ametuma mpira mita thelathini, haukuja na salamu.

Jumapili, 6 Novemba

Mvua ya kwanza ya vuli. Mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa saa moja tu.

Alhamisi, 10 Novemba

Mvua. Nimetengeneza paa la jiko la Mwanaidi. Alinishikia ngazi.

Jumapili, 13 Novemba

Jana jioni Mwanaidi alikuja kwangu, akasimama mlangoni na tumbo lake. "Wifi, kesho wanaruhusu kuwaona," akasema. "Siwezi kushuka peke yangu." Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu hospitali.

Tumeondoka alfajiri. Gerezani tulipewa dakika kumi, wavu wa chuma katikati, askari pembeni akichokonoa meno. Ahmadi amekonda, amenyolewa, sikio lina kovu. Mwanaidi alishika wavu. Walizungumza mambo ya nyumbani, kuku, paa, siku ngapi zimebaki. Aliomba msamaha, Mwanaidi akasema, "Utaniomba vizuri ukitoka." Kisha akasogea pembeni ili nami nisogee.

Ahmadi ndiye aliyeanza.

"Ungeniambia kwanza mimi, dada. Kabla ya watu."

"Ningekuambia lini? Ulikuwa hospitali."

"Ungenifuata."

"Ningekufuata ungekimbia."

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati kabisa, amekunja uso kama alivyokuwa akikunja utotoni akiulizwa hesabu.

"Ningekimbia," akasema. "Kweli. Mpaka Kilombero."

Sijui ni nini. Labda ni jinsi alivyosema Kilombero, mtu ambaye hajawahi kufika hata Mikumi. Kicheko kilinitoka, nikaziba mdomo, kikatoka puani. Naye akaanza. Askari akageuka. Nilicheka mpaka nikashika wavu, na nikiwa nacheka nikasikia sauti yangu imebadilika, imeshuka mahali pengine, na sikuweza kuirudisha. Nililia pale mbele ya askari na wafungwa na wake zao. Nililia kwa sauti, kama wanavyolia akina mama wa kwetu msibani, na nilimtaja Zena kwa jina. Ahmadi alipitisha vidole kwenye wavu akashika vyangu. Askari alisema muda umekwisha. Kisha akatazama saa yake, akatugeuzia mgongo, akatuacha.

Tulipata gari mpaka Mkuyuni, tukapanda kwa miguu mvua ikitunyeshea. Nilikuwa na furushi la unga kichwani. Kwenye kona ya tatu Mwanaidi alisimama, akanyoosha mikono.

"Lete hapa, wifi. Umechoka."

Nilitaka kumwambia mwenye mimba habebi. Lakini miguu ilikuwa inauma, mgongo unauma, shingo inauma, tumbo lina njaa.

"Nimechoka," nikasema.

Tukakaa kwenye jiwe mvuani, furushi katikati yetu, mpaka tulipoweza kuendelea.